Wema na Ubaya katika Kisa cha Engare Nanyuki



Nimeombwa niseme juu ya wema na ubaya katika uandishi wa historia. Sitakwenda mbali; Mlima Meru huo hapo. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na kuchoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi. Huo ulikuwa uovu, na mwandishi asione haya kuuita hivyo.

Lakini someni vitabu viwili vya mwaka 1967. Kimoja ni cha Kirilo Japhet, aliyepeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka 1952, pamoja na Earle Seaton, wakili aliyezaliwa Bermuda. Cha pili ni cha Anton Nelson, Mzungu wa Marekani aliyesimama na Wameru. Na miongoni mwa askari waliotumwa kuwahamisha watu walikuwamo Waafrika! Hapo tukisimulia wengi wetu huparuka upesi.

Vijana, walioona moto ule wakiwa watoto wamebaki wachache. Nendeni mkawaulize, na habari za askari wale msiache kuziuliza.