BEGA NI LAKO, SEMA NA MTAALAMU

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe)



Leo tumeona tuzungumze juu ya bega. Pengine mtasema, bega nalo ni jambo la kuitia mkutano? Ndiyo, ni jambo. Kina mama wanaobeba madumu ya maji, vijana wa mikokoteni, wachukuzi, wapaka rangi, wavuvi wanaovuta nyavu, wote hawa wanakula kwa bega. Bega likikataa kazi, chungu nacho hakipandi motoni.

Mara nyingi maumivu hutoka kwenye misuli na kano zinazolishika bega. Kuna pia bega linaloganda. Kwanza linauma, kisha linakaza, hata mtu hawezi kujifunga leso wala kuchana nywele. Hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye ugonjwa wa sukari kuliko wengine. Laweza kuchukua mwaka 1 hadi 3 kulegea. Basi mwenye bega lililokaza akapimwe sukari pia.

Tiba kubwa ya mabega haya ni mazoezi anayofundisha mtaalamu wa viungo, yaani fiziotherapia. Lakini watu wengi huanza halafu wakaachia njiani, na mkono ukabaki hivyo. Je, ni uvivu? Sisi hatuoni hivyo. Tukiuliza vikundini tunasikia haya:

1. Safari. Hospitali kuu ya Coast General iko kisiwani. Wa Likoni avuke feri, wa Kisauni na Changamwe alipe matatu, na siku ya kibarua imepotea.

2. Sitara. Bega haliangaliwi juu ya buibui. Mama hapendi kulivua mbele ya mwanamume, anaona haya kusema, basi harudi tena.

3. Hofu. Zoezi likiuma kidogo mtu hudhani anaumizwa, kwani hakuelezwa.

4. Wingi. Anapewa mazoezi kumi, na nyumbani watoto, maji na kuni vinamngoja.

Sasa, jamani, mtaalamu atayajuaje haya kama umenyamaza? Yeye ataandika uje mara mbili kwa wiki, nawe utaitikia ndiyo huku ukijua nauli huna. Mficha uchi hazai.

Tena kusema si utovu wa adabu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa. Pale inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa.

Na msidhani kwamba anayekwenda mara chache hapati kitu. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa Uingereza juu ya wagonjwa 708 wenye shida ya misuli na kano za bega. Wengine walionana na mtaalamu mara 1 tu, wakafundishwa vizuri mazoezi ya kufanya nyumbani. Wengine walionana naye hadi mara 6. Mwaka ulipokwisha, hali zao hazikupishana sana. Lakini angalieni: hata wale wa mara 1 walipimwa na kufundishwa kwanza. Hawakujitibu kwa kubahatisha.

Kwa hiyo ukifika kwa mtaalamu, sema hivi: "Mimi kazi yangu ni hii. Ninalotaka sana ni kuweza kuinua dumu tena. Nauli ninayo ya mara moja kwa mwezi. Nipe mazoezi mawili au matatu ya nyumbani, nionyeshe, nami nifanye mbele yako." Ukitaka mtaalamu mwanamke, au kuandamana na dada yako, omba. Uliza pia: maumivu ya kiasi gani ni ya kawaida, na nisimame lini?

Vifaa vya nyumbani havina gharama. Mwulize kama lakufaa zoezi la kutambaza vidole ukutani kwenda juu, au kuinua mpini wa jembe kwa mikono miwili ili mkono mzima uusaidie mgonjwa.

Lakini yako mambo yasiyongoja mazoezi. Ukianguka na mkono hauinuki, bega likivimba na homa juu, au mkono ukifa ganzi, nenda hospitali. Maumivu ya bega pamoja na kifua kubana na jasho, kimbia mara moja, huenda ni moyo. Na mgonjwa wa kiharusi msimvute kwa mkono uliolegea mnapomwinua, mtaumiza bega lake.

Kikundi nacho kina kazi. Wawili wafanye mazoezi pamoja, mmoja amkumbushe mwenzake. Mwenye bega bovu apewe kazi ya daftari badala ya kubeba mchanga, asije akafukuzwa kwa kuitwa mvivu. Na mfuko wa kikundi waweza kukopesha nauli.

Maswali ya kujadiliana:
- Nani kati yetu aliacha matibabu, na ni nini kilichomzuia?
- Ni nini tungependa mtaalamu ajue juu ya maisha yetu?
- Kikundi chetu kitamsaidiaje mwezi huu?