Kunyamazishwa bila kuibiwa: maneno juu ya mikutano ya video

Tukisema usalama wa intaneti, kila mutu anawaza wizi: nywila, pesa ya simu, picha. Leo nazungumuza juu ya shambulio lenye haliibi kitu. Linakuzuia tu kutumia kifaa chako. Banaliita kunyimwa huduma.

Kunyimwa tunakujua. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha kupiga kura, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu siku 20. Pale kila mutu aliona. Lakini kuko kunyimwa kwa kimya: programu iko na kasoro, mutu anaigusa toka mbali, na wewe unasema ni rezo tu.

Tuchukue Zoom. Mwaka 2019, mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kama Zoom, kwenye ordinatere za Mac, ilikuwa inaweka seva ndogo bila kukuambia. Ilikuwa inangojea amri kwenye porti 19421, ili ukibonyeza linki uingie mkutano haraka. Shida: haikuuliza amri inatoka kwa nani. Ukurasa wowote wenye umefungua ungeweza kuitumia namba ya mkutano ya uongo, tena na tena. Kila mara Zoom inaruka mbele ya skrini. Unaandika, inaruka. Unafungua kitu kingine, inaruka. Hakuna kitu kimeibiwa, lakini kazi imekufa. Kwa kasoro ingine, ukurasa ungeweza kukuingiza katika mkutano, kamera ikiwaka. Na hata ukifuta Zoom, ile seva ilibaki.

Ile ya kuruka ilitengenezwa katika toleo 4.4.2. Juu ya ile seva, Leitschuh aliandikia kampuni mwezi wa tatu. Tarehe 8 Julai akaweka yote wazi. Kampuni ilianza kuitetea. Kesho yake ikakubali kuiondoa. Kusema wazi kulifanya kazi.

Siyo Zoom peke yake. Mwaka 2018, Natalie Silvanovich wa Google aligundua kama simu ya video ya WhatsApp ingeweza kuangusha programu: unaitika, mupigaji anatuma data yenye imeharibiwa makusudi, WhatsApp inazimika. Ilitengenezwa mwaka ule ule.

Kwa nini hii inatuhusu? Juu siye wenye diploma bila kazi, siku ingine nafasi yote iko katika dakika 20 za video na mwajiri. Na kikundi chenye kinaamua mambo yake kwa video, mutu mmoja akikizima, sauti ya wote imezimwa.

Basi inaomba tufanye hivi:

Tuweke toleo mpya, hata kama mega ni bei. Kasoro yenye imetengenezwa inabaki hatari kwa mwenye toleo ya zamani.

Linki ya mkutano wa ndani isitupwe hadharani. Tutumie nywila na chumba cha kungojea.

Mbele ya kila mkutano tukubaliane: video ikianguka, tunahamia wapi? Sauti peke yake? SMS? Nani anaita wengine?

Na ikianguka, tuandike saa, toleo, na kile kilionekana, kisha tuwaandikie wenye programu. Kasoro yenye hakuna mutu anaisema, haina mwenye kuitengeneza.

Mlango mmoja ukifungwa, mkutano usikufe. Nangojea maulizo.