Nusu Mkate na Nusu Methali

(Maneno ya mgeni, mkazi wa Kawangware, mbele ya wanamageuzi waliokusanyika Kibera)



Nimeombwa nizungumze kama mgeni. Kwetu Pemba husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini sina hakika kwamba kuja kwangu kumemponya mtu. Nilivuka bahari kwa mashua Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwa risasi katika maandamano ya kudai uchaguzi mpya Visiwani. Nikashukia Shimoni, mmoja kati ya wakimbizi zaidi ya 2,000. Wakenya walitupokea kwa huruma, na wakatupa pole kwa kuwa nchi yetu ilikuwa haijajua kupiga kura. Pole ile niliiweka akiba. Mwishoni mwa 2007 nikapata nafasi ya kuirudisha.

Nina jambo moja tu la kusema: nchi hii ina ustadi mkubwa wa kuyapita machafuko, ila haina mazoea ya kuyatibu.

Zitazameni ngazi za jumba la Harambee. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano pale, ikazaliwa serikali mliyoiita ya nusu mkate. Tarehe 9 Machi 2018, mahali pale pale, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono, mkaiita handisheki. Baada ya maandamano ya vijana ya 2024 yakaja makubaliano mengine, ya William Ruto na Raila Odinga, tarehe 7 Machi 2025, mara hii katika jumba la KICC. Mgeni akitazama kwa mbali atadhani kuwa majumba haya ndiyo hospitali kuu za taifa: mgonjwa hufikishwa mlangoni, hupigwa picha, akatoka amepona.

Sisemi kuwa mapatano ni mabaya. Yale ya 2008 yalituliza panga na bunduki, na yalifungua njia ya Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Aliyeokoka kwa sababu yake hawezi kuyabeza. Nauliza tu: mkate ulipokatwa, mtu wa Kibera alipata kipande gani?

Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Hapa Kibera soko la Toi liliteketea, na reli iendayo Uganda ikang'olewa. Reli ilirudishwa, kwani mizigo ya jirani haingoji. Wachuuzi wa Toi walisimamisha vibanda vyao ubao kwa ubao, kwa akiba walizojiwekea wenyewe. Nyumba nazo zilibadilisha wapangaji kwa nguvu, na wako wenye nyumba ambao hawakuthubutu tena kuja kudai kodi. Hakuna ngazi ya jumba lolote iliyokanyagwa kwa ajili ya shauri hilo.

Huko kwangu Kawangware zamu ilifika Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuulizana majina ya baba zao, na moto ukafuata. Karibu na chumba changu yupo mama mboga ambaye kibanda chake kiliungua. Alirudi na turubai, na miongoni mwa wateja wa kwanza alikuwa kijana ambaye yeye mwenyewe alimshuku. Nilimwuliza, “Mama, umekwisha kumsamehe?” Akanijibu, “Mzee wangu, sukuma wiki hailali.” Mwandishi wa habari angeliandika kwamba yale ni maridhiano. Mimi niliona mtu mwenye watoto wa kulisha.

Viongozi hutuambia kwamba yaliyopita si ndwele, kisha wakanyamaza. Hiyo ni nusu ya methali. Nusu ya pili yasema tugange yajayo, na kuganga ni kazi: mganga huuliza maradhi yalianza lini, yalianzia wapi, na nani alikuwapo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais Mei 2013. Machi 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi Bungeni, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Radhi iliwafikia siku ile ile. Fedha waliendelea kuziulizia miaka mingi baadaye. Na kesi za The Hague juu ya machafuko yale zilikoma 2016 bila hata mmoja wa wale sita kutiwa hatiani.

Msidhani nimekuja kuwafundisha. Visiwani tulitia sahihi Muafaka 1999, tukatia mwingine 2001, na 2010 tukaunda serikali ya umoja wa kitaifa. Ndugu zetu wa Bara walitutazama sisi na ninyi kwa masikitiko, wakajiita kisiwa cha amani. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Tangu siku hiyo sicheki nchi ya mtu.

Ndugu zangu, waliokwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 walidai haki ya kuuliza, na kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991. Haki hiyo tuitumie. Yasomwe majina ya waliokufa, mtaa kwa mtaa, bila kubagua kabila. Ripoti za tume zijadiliwe katika mabaraza yetu kwa lugha ambayo mama mboga aielewa. Na siku wakubwa watakapopeana mikono tena, maana watapeana, tuwaulize kabla picha haijapigwa: waliounguliwa Toi na Kawangware wameandikwa ukurasa wa ngapi?

Wakikosa jibu, tuwarudishie kalamu waandike.