Aliyetwaliwa kwa Nguvu

Ndugu askari wa jeshi na polisi, mwaka 1812 Marekani iliingia vitani na Uingereza, sababu mojawapo ikiwa mabaharia wake waliotwaliwa kwa nguvu kutumikia manowari za Kiingereza. Maombi ya kuwarejesha hayakutosha.

Uchungu huo Uganda twaujua. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony waliwateka wasichana 139 shuleni Aboke. Naibu mwalimu mkuu, Sista Rachele Fassera, aliwafuata porini akawaombea. Wasichana 109 wakaachiliwa; 30 wakazuiliwa.

Basi askari, uwe Kyebando au mpakani, kumbuka: aliyeshikishwa bunduki kwa nguvu ni mateka kwanza. Akisalimisha silaha, mpokee. Huenda mamaye angali akimwombea.