Kizimkazi: Nani Mgeni Baharini?

Juma hili twende Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Pale Dimbani pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi ukutani mwa kibla, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lilifanyiwa matengenezo makubwa karne ya 18, lakini tarehe ile ilibaki. Masimulizi yanasema wazee wa mji walikuja kwa majahazi kutoka Shirazi, Uajemi (ingawa Shirazi yenyewe haina bahari). Wanahistoria wanabishana, na waache wabishane. Wageni walifika, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha, na waliobaki wakawa wenyeji.

Safari hizo hazijakwisha. Wavuvi wa Kojani, Pemba, huenda dago hadi Tanga, Mafia na hata Kenya. Hupiga kambi ufukweni kwa wiki kadhaa, pengine miezi, baada ya kubisha hodi kwa wazee wa mahali. Sheria hiyo ya bahari haikuwa na karatasi.

Miaka ya 1990 hodi haikutosha tena. Vijiji vya Ghuba ya Menai vililalamikia baruti na nyavu za kukokota, vikawanyooshea kidole wavuvi wa kutoka nje. Mwaka 1997 ghuba ikatangazwa Eneo la Hifadhi, karibu kilomita za mraba 470, na kamati za vijiji zikashirikishwa katika ulinzi. Ilikuwa kazi njema. Baruti haina mtetezi: hupasua matumbawe, samaki akakosa makazi.

Lakini je, mharibifu ni mgeni siku zote? La hasha! Pomboo wa Kizimkazi waliwindwa na wenyeji, nyama ikawa chambo cha papa, hadi katikati ya miaka ya 1990, utalii ulipoonyesha kwamba pomboo aliye hai analipa zaidi. Leo hapigwi chusa. Anafukuzwa kwa mashine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa akizungukwa na boti hupunguza kupumzika na kutafuta chakula. Nahodha wa boti hiyo haulizwi katoka wapi. Ni mtoto wa mji.

Mkojani ndiye anayeulizwa, tena kabla hajaonyesha wavu wake. Mimi ningeanza na wavu. Aliyekuja na mshipi au dema apewe nafasi ya kupiga kambi. Anayekokota juya azuiwe, hata kama kitovu chake kimezikwa Dimbani. Na doria hiyo hiyo isimamishe boti inayowakatia pomboo njia.