Swichi ya Feni Inayojiwasha na Kujizima kwa Joto

(Maneno ya fundi mwenzetu mbele ya mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile.)



Nimeombwa nieleze ile swichi ya feni mliyoiona nyumbani kwangu. Wengine wamesema ni uchawi, wengine wanataka niwatengenezee leo leo. Nitaeleza, lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana kuna mahali katika kazi hii mtu anaweza kupoteza roho.

Shida yenyewe mnaijua. Januari na Februari hapa kwetu mtu anaingia kulala saa nne usiku, nyumba bado inatoa joto la bati. Unafungua feni, watoto wanapata usingizi. Ikifika saa kumi alfajiri hewa imepoa, feni bado inavuma, mtoto amejikunyata na shuka limeanguka chini. Ukiizima mapema, saa saba wote mko macho, jasho linatiririka. Inatakiwa swichi inayosikia joto yenyewe: joto likipanda iwashe, likishuka izime. Kifaa hicho kinaitwa themostati.

Si kitu kigeni. Kimo ndani ya pasi ya umeme, kimo ndani ya friji. Jina hilo alilitoa Andrew Ure wa Skotlandi mwaka 1830, lakini kabla yake Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyefariki London mwaka 1633, alikwisha kutengeneza tanuri la kuangulia mayai lililojirekebisha joto lenyewe. Kwa hiyo wafuga kuku ndio walioanza, mkitaka kujivuna.

Mimi nilianza vibaya. Nilichukua themostati ya pasi mbovu. Ile ni vipande viwili vya madini tofauti vilivyoshikanishwa. Vikipata moto kimoja kinatanuka kuliko mwenzake, basi kipande chote kinapinda na kuachanisha umeme. Umeona kosa? Ya pasi inakata umeme joto likizidi. Feni inataka kinyume chake, iungwe joto likizidi. Tena ya pasi imetengenezwa kwa moto wa kunyoosha nguo, zaidi ya digrii 100 ukiweka ya pamba. Joto la chumba cha digrii 30 hailijui kabisa. Feni yangu ilivuma mpaka asubuhi kama kawaida. Na nilipokwenda kuigusa ili niirekebishe, ilinipiga shoti mpaka begani, kwa sababu katika baadhi ya pasi kile kipande cha madini chenyewe ndicho kinachopitisha umeme. Nilikuwa nimekining'iniza wazi ukutani, juu ya kitanda cha watoto. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki.

Themostati inayofaa ni ya viyoyozi vya zamani vya dirishani, vile vyenye kitasa cha kuzungusha. Mafundi wa friji na wauza vyuma chakavu wanazo; ulizeni Gerezani pale Kariakoo. Kiyoyozi kinataka kuwashwa joto likipanda, sawasawa na feni, na kimepangwa kwa joto la vyumba vya watu. Ya friji nayo inawasha joto likipanda, ila imepangwa kwa baridi ya barafu, kwa hiyo hapa haisaidii.

Utaona ina mkia, yaani kimrija chembamba cha shaba. Ndani mna gesi iliyofungiwa. Mkia ukipata joto gesi inatanuka, inasukuma kibofu kidogo cha bati laini, nacho kinasukuma swichi. Usiukate mkia huo, usiukunje kwa nguvu. Gesi ikitoka, kifaa kinadhani daima ni baridi na feni haitawaka tena.

Sasa, kabla ya kugusa umeme wa TANESCO, pimeni kwa tochi. Hapa ndipo wengi watakapotaka kuruka, na ndipo ninaposisitiza. Chukua betri mbili, balbu ya tochi na waya, upitishe njia yao ndani ya themostati. Weka maji ya mtungini katika bakuli, tumbukiza ncha ya mkia tu, si mwili wake, na weka kipimajoto humo humo. Kama maji bado yana joto ongeza barafu. Balbu iwe imezima. Halafu mimina maji ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, utulie kila mara dakika mbili. Balbu ikiwaka, soma digrii na uandike. Acha maji yapoe, ikizima andika tena. Yangu iliwaka kwenye 28 na kuzima kwenye 26. Ukizungusha kitasa utaona namba zinapanda na kushuka; tafuta mahali panapokufaa, weka alama ya rangi.

Ile tofauti ya digrii mbili si ubovu. Kama ingewasha na kuzima mahali pamoja, feni ingekuwa inashtuka kila dakika, na vidole vya swichi vingeungua upesi. Na kama kifaa chako kina miguu mitatu, jaribio hili ndilo litakalokuonyesha miguu miwili ya kutumia: ni ile inayowasha balbu maji yakipata moto. Ikiwaka maji yakiwa baridi, umeshika miguu isiyo yake.

Baada ya hapo umeme wenyewe. Ni volti 230, hauna huruma. Mimi sikugusa nyaya za ukutani. Nilitumia feni ya kusimama na ekstensheni, ambayo inachomolewa yote kwa mkono mmoja. Waya wa moto ndio unaokatwa na kupitishwa kwenye themostati. Katika nyaya mpya ni wa kahawia, katika za zamani mwekundu. Nyutro, wa bluu au mweusi, upite moja kwa moja. Ethi, wa kijani na njano, ufungwe kwenye mwili wa chuma wa themostati na uendelee mpaka kwenye soketi. Kila kitu kiwe ndani ya boksi lililofungwa, kitasa na mkia tu vitokeze. Katika plagi toa fyuzi ya ampea 13, weka ya 3. Hiyo inatosha feni, na mtu akichomeka pasi kubwa kwenye ekstensheni hiyo fyuzi inaweza kukatika, ndivyo ninavyotaka. Mwenye pangaboi la darini asijaribu mwenyewe, amwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mkia uwekwe kwenye kimo cha mtu aliyelala, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, mbali na taa na mota ya feni.

Ndugu mmoja ameniuliza hivi: feni ikishawaka, si upepo wake utaupoza mkia na feni itazima? Hapana. Feni haipozi hewa. Inakausha jasho mwilini ndipo wewe unasikia baridi. Mkia wa shaba hautoki jasho. Weka kipimajoto mbele ya feni uone, namba ni ile ile. Kwa hiyo feni itazima pale tu hewa ya chumba itakapopoa yenyewe. Ukifunga madirisha yote, itavuma usiku kucha na utakuja kunilaumu. Weka wavu wa mbu, acha dirisha wazi.

Kuhusu LUKU nisiwadanganye. Feni ya wati 60 kwa saa kumi inakula uniti 0.6. Ikizima saa nne za mwisho, unaokoa uniti saba hivi kwa mwezi. Ni kitu, lakini si cha kununulia ng'ombe.

Kwenye banda, kuku wakubwa inawafaa siku za joto kali. Vifaranga wa juma la kwanza wanataka digrii 32 mpaka 35, msiwapelekee feni hii, mtawaua.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Feni yenye swichi hii ikisimama, haijazimwa. Inasubiri tu. Mama anaweza kufungua wavu wake mchana aisafishe, jua likapanda, ikaanza kuzunguka vidole vikiwa ndani. Nyumbani kwangu sheria ni moja: hakuna anayeigusa kabla ya kuchomoa plagi, na plagi anaishika mkononi anayesafisha.

Kifaa chenyewe kitakuwa ofisi ya ushirika Jumamosi baada ya saa tisa, pamoja na bakuli na balbu ya tochi. Mwenye kipimajoto aje nacho, changu ni kimoja tu.