Kuwatafuta Jamaa Zetu kwa Intaneti
(Mazungumzo yaliyotolewa na walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imetuomba sisi walimu tuzungumzie jambo linalowaleta wazazi shuleni mara kwa mara. Mzazi huja na simu akasema: "Mwalimu, andika hapo jina la mdogo wangu, tuone kama yu hai." Tunaandika. Simu haileti kitu, au inaleta watu wengi wasiohusika, naye mzazi huondoka akiwa amekwisha kuanza matanga moyoni. Kwa hiyo tuanze na neno hili: asiyeonekana kwenye intaneti hajafa.

Mtambo wa kutafutia, kama ule wa Google, haumjui mtu, unajua maandishi. Hupitia kurasa zilizo wazi, ukapanga maneno yake, na ukiulizwa huleta kurasa zinazofanana na ulichoandika. Shangazi aliyeko Fizi ambaye hajaandikwa popote hautamwona. Aliyeandikwa kwa herufi nyingine unaweza kumpita.

Na majina yetu yamebadilika njiani. Byamungu wa karani mmoja ni Biamungu wa karani mwingine. Mwamini huwa Muamini. Kongo tunatanguliza jina la ukoo, na la ubatizo linakuja mwisho. Hapa Tanzania mtu huulizwa jina lake, la baba na la babu. Wazee wanakumbuka mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo: Joseph wa daftari la kanisa hakuwa Joseph kwenye kitambulisho. Nchi nayo iliitwa Zaire hadi mwaka 1997. Kalemie ilikuwa katika jimbo la Katanga hadi mwaka 2015. Sasa imo katika jimbo la Tanganyika.

Basi kabla ya kushika simu, shikeni kalamu. Andikeni namna zote ambazo jina lake limewahi kuandikwa, kisha mjaribu moja moja. Lifungeni jina kwa alama za kunukuu, ili mtambo utafute maneno hayo kwa mfuatano huohuo. Ongezeni neno moja la kumtambulisha: kijiji, shule, kanisa au timu ya mpira. Asipopatikana yeye, watafuteni walio karibu naye: kwaya yake, au umoja wa watu wa kwenu waliohamia Marekani au Kanada. Mara nyingi mtu hupatikana kwa mdomo wa jirani.

Kazi hii ilianza zamani, kabla ya mashine. Mwaka 1870 Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi mjini Basel kutafuta habari za majeruhi na mateka wa vita vya Ufaransa na Prussia. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ofisi yake ya Geneva iliandika kadi zipatazo milioni 7. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, na watu wakatafutana kwa redio. Hata leo Msalaba Mwekundu hupeleka barua za kifamilia hadi mahali pasipo na mtandao, bila malipo. Kwa hiyo anayetafuta kwa simu asiache kujiandikisha kwao pia.

Sasa tahadhari. Wapo wenzetu waliokimbia watu, si risasi tu. Ukimwona ndugu yako, usitangaze hadharani alipo. Mwandikie faraghani, umwache aamue mwenyewe. Msalaba Mwekundu wenyewe hautoi anwani ya mtu bila ridhaa yake. Usiweke wazi mtaa na nyumba unayoishi, wala picha ya mtoto. Na anayesema "nimempata jamaa yako, nitumie pesa kwanza" muulizeni jambo ambalo ni mtu wa nyumbani tu angelijua.

Kwa ndugu zetu watumishi wa mashirika tuna ombi moja. Mnapoandika jina, mwulizeni mwenyewe linavyoandikwa, kisha msomeeni asikie. Herufi moja ikikosewa mezani kwenu, mama anaweza kumtafuta mwanawe miaka na miaka kwa jina ambalo halimo katika orodha yoyote.

Kwa Kamati tunapendekeza itengwe alasiri moja kila juma, wanafunzi wa madarasa ya juu wawasaidie wazee kuandika majina hayo vizuri, mbele ya mwalimu. Sisi walimu tuko tayari.